Pumzi Ndani ya Tangi

Jumatano, 4 Juni

Imefika! Bango limebandikwa leo pale ukumbi wa sinema, gundi haijakauka. Tangi, sehemu ya tatu. Nimesimama mbele yake na mfuko wa vitunguu mkononi mpaka mkagua tiketi akatoka kuniuliza kama nimepotea.

Sijapotea. Ninaogopa, basi.

Niziandike zile mbili sasa hivi, kabla hii haijanivuruga kichwa. Ya kwanza: chombo cha kubeba maji kati ya sayari, wafanyakazi wachache, matangi marefu kama maghorofa. Kitu kimeingia majini. Hukioni! Filamu nzima hukioni. Unaona mshale wa geji ya maji ukishuka tu. Na yule mpishi anayeweka sikio kwenye ukuta wa tangi, akasikia mtu anameza. Mimi niliyezoea mazimwi ya kila aina nilikojoa kidogo. (Humu hasomi mtu.)

Ya pili: mji mzima kwenye sayari kavu, kila nyumba na tangi lake. Mama anaogesha watoto, na maji ya kwenye beseni yanaegemea upande wa ukuta. Yanaegemea tu, polepole, na yeye bado anasugua mtoto mgongo. Watu wakasema haujawahi kutokea mwendelezo mzuri namna hiyo. Nami nikasema hivyohivyo redioni, wiki nenda wiki rudi, mpaka mkuu wa vipindi akanikataza kuitaja.

Na hii ya tatu — Kifaranga wangu yumo! Binti yangu mwenyewe! Siyo kwenye picha, kwenye sauti. Miaka miwili kajifungia kwenye chumba kisicho na dirisha huko mji wa mbali, anatengeneza sauti. Ipi, hasemi. Jana nimembembeleza kwenye simu, akasema kampuni imewakataza. Halafu akatumia ile sauti yake ya kunitia adabu: Mama, usinibebe. Ukiona nimeharibu, sema nimeharibu. Watu wakijua mimi ni wako na umenibeba, wewe umekwisha na mimi nimekwisha.

Nimemwahidi. Ahadi ni rahisi sana ukiwa jikoni unakatakata vitunguu.


Ijumaa, 6 Juni

Nimeisikiliza.

Kama kawaida yangu: mtandio machoni, mara ya kwanza masikio peke yake. Wasikilizaji wangu hawaoni kitu redioni, basi na mimi nisione. Jumapili naenda tena, kutazama. Jumamosi inayofuata natoa hukumu. Sikio, jicho, mdomo — kwa mpangilio huo, tangu nianze kipindi. Mkagua tiketi amenishika mkono mpaka kitini na kuniuliza, kama anavyoniuliza kila mara, kwa nini nisibaki nyumbani na redio yangu.

Nusu ya kwanza, kelele. Milango ya chuma, risasi, watu wanakimbia. Kuna bwana mmoja anaeleza kila kitu kwa sauti ya msoma matangazo ya vifo. Nikaanza kujinyonganyonga kitini.

Halafu katikati — kimya. Mwanamke anatembea kwenye maji ya magotini. Anasimama. Na pumzi.

Sijui niiandikeje. Inapanda, inapanda, inakwama kidogo huko juu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu inashuka yote kwa mkupuo. Chini yake kuna mngurumo mdogo usiokatika. Dude limelala! Ndani ya tangi, limelala fofofo. Na mimi badala ya kuogopa nimelia. Nimelia mpaka mtandio umelowa. Nilitaka yule mwanamke asogee karibu, alifunike kitu lisipigwe na baridi.

Kuna watu walikuwa wanacheka. Nikageuka nikawaambia wana masikio ya kutundikia hereni. Baadaye mkagua tiketi akaniambia niliigombeza nguzo.


Jumamosi, 7 Juni

Mdomo wangu huu!

Leo nilitakiwa kuitaja tu. Dakika moja: imefika, iko ukumbi fulani, tutaonana wiki ijayo. Nikaanza vizuri. Nikasema binti yangu amefanya kazi kwenye sauti, kwa hiyo mnichunge. Nikala kiapo kwamba simbebi mtu. Halafu nikaikumbuka ile pumzi, na ulimi ukaondoka peke yake. Nimesema hii imezishinda zile mbili. Hewani! Nimesema kwa mara ya kwanza nimempenda zimwi. Nimesema atakayekaa nyumbani atajuta.

Dada wa mitambo alikuwa ananitazama kupitia kioo, mdomo wazi. Anajua mpangilio wangu. Sikio, jicho, mdomo. Jicho nimeliruka.

Mume wangu alisikiliza karakanani, kama kawaida, redio juu ya friji. Fundi Barafu wanamwita mtaani. Filamu hizi haziwezi kabisa. Ile ya kwanza alijifunika gazeti usoni mpaka mwisho, akatoka akisema mwanga ulikuwa mkali. Leo kaniambia tu: umeongea kwa raha sana, mama. Nikamwambia kesho naenda kutazama. Akasema, kwani ulikuwa hujatazama?


Jumapili, 8 Juni

Ole wangu.

Dude lenyewe ni kama bamia iliyochemshwa ikasahauliwa jikoni. Lina miguu! Mingi! Linakimbia kwenye korido likipamia kuta, na mwenye bunduki kila akifyatua anatoa utani. Yule bwana wa matangazo ya vifo ni profesa. Ana ubao. Anachora. Ameeleza lilikotoka, limezaliwaje, na — hapa ndipo nilipotaka kuvua kiatu nikirushe — ameeleza kwa nini lina kiu. Ni ugonjwa wa damu, eti. Kwenye ya kwanza kiu ilikuwa kiu. Uliogopa kwa sababu hata wewe uliwahi kuwa na kiu. Sasa mnanieleza habari za damu? Tangu lini zimwi likahitaji cheti cha daktari?

Na ile pumzi yangu. Nilikaa nikiisubiri, roho juu. Mwanamke akaingia majini, akasimama. Pumzi ikaanza. Na picha — dude limelala chali, tumbo linapanda na kushuka, na kimguu kimoja kinachezacheza. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikafumba macho, machozi. Nikafumbua, aibu. Nikafumba tena.

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nimesema imezishinda zile mbili, na haizifikii hata magotini.


Jumatatu, 9 Juni

Kinyozi wa jirani kanisimamisha, mashine ikiunguruma mkononi na mteja kanyolewa nusu kichwa. Aliipeleka familia nzima kwa neno langu. Mama, hebu nieleze, imezishinda zile mbili kwa lipi? Mteja naye akanigeukia na ile nusu yake: hata yeye alikwenda.

Nikasema wasubiri Jumamosi. Nimerudi kwa njia ya nyuma.


Jumanne, 10 Juni

Lazima niandike hili polepole.

Baada ya chakula nilikwenda karakanani kuchukua sahani. Mafriji yamepangwa ukutani, mengine bila milango, na lile kubwa la bucha likiwa kwenye umeme, analijaribu. Mume wangu ameketi kwenye kiti chake katikati, kidevu kifuani, bisibisi bado mkononi. Amelala. Kila siku analala hivyo mchana huu, na kila siku anakana.

Nimeshika sahani, nageuka niondoke. Nikasimama.

Inapanda, inapanda, inakwama kidogo huko juu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Halafu inashuka yote kwa mkupuo. Na chini yake friji la bucha, mngurumo mdogo usiokatika.

Nikafumba macho. Nilikuwa ndani ya tangi.

Ndiye! Mume wangu ndiye dude! Kifaranga alipokuja likizo mara ya mwisho alikuwa anazunguka nyumba nzima na kile kidude chake cha kurekodia. Nikamuuliza anarekodi nini, akasema milango. Milango!

Nimekaa juu ya kreti nikamsikiliza. Miaka yote hii nalala kando ya pumzi hii. Nimeinunia nikiwa na hasira naye. Nimeitegea sikio alipougua kifua, nikihesabu kila iliyoshuka nikiomba ipande nyingine. Ukumbini nilisikia kitu hicho nikalia, nikadhani ni ufundi wa filamu. Bingwa wa masikio! Nimeshindwa kumtambua mume wangu, nikaenda kumsifu zimwi redioni.

Wale waliocheka hawakuwa na kosa. Walisikia dude linakoroma.

Akaamka. Mbona unalia? Nikasema ni gesi, labda kuna friji linavuja. Maskini mume wangu! Karuka kama kijana, kachomoa nyaya zote, kafungua dirisha, kanitoa nje kwa mkono. Jioni nzima kashinda anapaka povu la sabuni kwenye kila bomba la kila friji, akitafuta bubujiko moja tu. Hajaliona. Kasema kesho ataanza upya, maana pua yangu anaiamini.

Nampenda mtu huyu mpaka naona haya.


Jumatano, 11 Juni

Nimempigia Kifaranga. Sikumsalimu, nikasema tu: milango, eh?

Kapiga kelele mpaka nikatoa simu sikioni. Mama! Siku zote hizi? Nilidhani utajua hapohapo! Nikamwambia nilijua, ila sikujua kwamba najua. Akacheka. Kasema alitaka mtu mmoja tu katika ukumbi wowote duniani asikie pale na ajue ni nyumbani.

Akauliza: baba anajua? Hajui. Usimwambie, mama, tafadhali, kwanza nije.

Anakuja Ijumaa. Mkuu wa vipindi kishamwalika studio, mama na mwana pamoja, kaona ni bonge la kipindi. Haijui shida aliyonipa.

Kisha akaniuliza. Sasa mama, inafikia zile mbili?

Nikasema laini inakatakata. Akasema laini iko safi kabisa, mama, mimi ndiye mtu wa sauti.

Nikasema basi nitasema Jumamosi. Akasema sawa. Alivyoisema ile sawa sikuipenda.

(Mume wangu bado anatafuta gesi. Nimwambie nini?)


Alhamisi, 12 Juni

Nimejaribu kuandika hukumu. “Filamu ina mapungufu yake madogomadogo.” Nikafuta. Huko ni kumpaka mtoto mafuta kwa mgongo wa chupa, na atajua kabla sijafika nukta.

“Imekosa kile kilichozifanya zile mbili zipendwe.” Kweli. Ila nikiisoma kwa sauti namwona. Tangu mdogo ana uso fulani akikuletea kitu alichokitengeneza: haombi sifa, anakutazama tu mdomo umefunguka kidogo. Nauogopa uso ule kuliko dude lolote.

Nimefuta hiyo pia. Halafu nimeiandika tena.


Ijumaa, 13 Juni

Kaja! Kakonda. Kakata nywele zote, shingo nyembamba, begi kubwa kuliko yeye. Kabla hajavua viatu baba yake kishamburuta karakanani kumwonyesha kompresa mpya, kaifungua kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Kifaranga kaipigapiga kwa kucha, kaisogezea sikio, kasema baba, hii imelegea upande huu. Kweli imelegea! Mzee kanitazama kwa fahari kama vile ni yeye aliyemzaa.

Mezani kauliza: hilo zimwi lenu, mwanangu, linaliaje? Mimi na Kifaranga tukatazamana. Nikaanza kuokota punje za wali ambazo hazikudondoka. Kifaranga akasema, ni la upole, baba. La upole? Basi hilo huenda nikalitazama. Kesho atasikiliza kipindi, kishawaambia wateja wake wote waje karakanani wasikilize pamoja, hata kinyozi anafunga duka.

Kinyozi! Vizuri sana.

Baadaye tukaosha vyombo, mimi na Kifaranga. Hapo ndipo alipoyatoa. Kwamba mwongozaji alitaka ngurumo: simba, treni, chuma kinachopasuka, vyote kwa pamoja. Kwamba yeye ndiye aliyepigania pumzi. Kagombana, kalia chooni, karudi kagombana tena, mpaka wakamwachia lile tukio moja. Na lile tukio ndilo watu wanalolicheka kuliko yote. Wamelikata kipande, wanatumiana kwenye simu. Wenzake kazini wanamkoromea akipita kwenye korido. Kasema kwa kutabasamu, lakini sahani ileile kaisugua mara tatu.

Mama, anasema, picha sikuchora mimi. Hadithi sikuandika mimi. Hayo unaweza kuyapiga rungu, nitakushangilia. Lakini pumzi ni yangu. Nataka kujua kama nilikosea kuipigania. Wanataka nirudi kwenye ya nne, na sijui kama bado nina sikio. Kwa hilo nakuamini wewe peke yako.

Nikamwambia maji yanapoa, suuza.

Sasa anapiga stori na baba yake huko nje. Nasikia wanacheka. Ananiamini mimi peke yangu, na ni mimi peke yangu duniani nisiyeweza kumjibu!


Jumamosi, 14 Juni

Studio. Wimbo unapigwa, mrefu kidogo, nimemwomba dada wa mitambo atafute mrefu. Naandika magotini.

Nimeanza na kosa la wiki iliyopita. Nimewaambia niliruka jicho, nikasema nisichokiona. Kisha nimetoa hukumu nzima, Kifaranga ameketi hapa mbele yangu, goti kwa goti. Haizifikii zile mbili. Ya kwanza ilikuamini, ya pili ilikuamini zaidi, hii ya tatu inakushika mkono na kukuchorea ubaoni. Imetaja jina la ugonjwa wakati tulitaka kiu. Nilipofika kwenye bamia yeye ndiye aliyecheka wa kwanza, hewani, kicheko chake cha nyumbani kabisa. Nilidhani nitamvunja. Hakuvunjika! Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayetajiwa njia anayoijua.

Halafu nikakwepa. Nikasema na sasa tupate wimbo.

Akavua hedifoni. Na pumzi, mama? Hujasema kitu kuhusu pumzi.

Nikasema bado.

Akasema: kama ingekuwa pumzi ya mtu baki, mama. Ya mtu usiyemjua kabisa. Ungelia?

Ujumbe umeingia kwenye skrini wakati huohuo. Kinyozi, kutoka karakanani: tunasubiri lile la kukoroma, Fundi Barafu naye anauliza.

Nimejaribu, Mungu anajua. Nimefumba macho hapa kitini nijifanye mgeni, mtu wa viti vya nyuma, sijaolewa, sina mtoto. Siwezi. Kila nikiisikia inakuwa ya mume wangu. Nikisema ni nzuri, nimembeba. Nikisema ni mbaya, nimedanganya, na nimemdanganya mtoto aliyegombana na watu wazima kwa ajili ya kitu kimoja alichokipenda. Kuna jibu moja tu ambalo si uongo. Na anayelihusu ameketi kati ya mafriji, wateja wamemzunguka, anadhani zimwi ni la mtu mwingine.

Nimemwambia Kifaranga: nikilijibu hilo kwa haki, baba yako atajua. Mtaa mzima utajua.

Kanitazama. Uso uleule.

Wimbo unafifia. Dada wa mitambo ananyoosha vidole: vitano. Kifaranga kanivalisha hedifoni yeye mwenyewe, kanisogezea maiki. Vitatu. Nadhani nitaanza kwa kuwaambia watu ninalala na nani.